Gego la Doto

Bugarama, Kahama
Jumapili baada ya ibada

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Elisante,

Shikamoo dada. Naituma shikamoo hii nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, karatasi nimeilaza juu ya ubao wa kusukumia chapati, maana meza yetu imeazimwa na jirani mwenye msiba. Kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka kama njia za kwetu Usangi, usidhani nimeanza kunywa.

Habari za nyumbani? Mguu wa mama unaendeleaje, bado anaupaka ile dawa ya majani au ameshakubali kwenda hospitali? Elisante amepata nafasi ya sekondari? Na baridi yenu, mbona hamtutumii hata kidogo kwenye bahasha! Huku jua limeshika, vumbi linaingia hadi kwenye chai. Sisi hatujambo. Mashine ya kusaga bado ninaihudumia, na siku mbili tatu za juma huitwa machimboni kutengeneza pampu za kunyonya maji kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, maana wenye mashimo wanachimba mpaka wanakutana na maji, ndipo wanakumbuka kwamba kuna fundi. Mama Kulwa anaendelea na maandazi yake. Pacha wako, Kulwa na Doto, wanasoma, wamerefuka, na wanagombana kama kawaida.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la pamba. Umeniuliza kuhusu binti yako Neema: kwamba mwalimu amewaita wazazi na kuwaambia kuna daktari wa meno atakayekuja shuleni kuwapaka watoto wadogo dawa ya kuziba magego yasitoboke, na unataka kujua kama jambo hilo lina faida au ni kuwasumbua watoto bure, kwa kuwa ulisikia sisi huku tulitembelewa na daktari wa namna hiyo. Dada, ungeniuliza jambo jingine lolote ningekujibu kwa mistari miwili. Kwa hili nimekaa na barua yako mfukoni juma zima nikitafuta pa kuanzia. Mama Kulwa ndiye aliyesema, "Mwandikie yote. Akisikia nusu hataelewa." Basi naandika kwa ruhusa yake.

Unakumbuka tulivyompoteza Yona, mdogo wao akina Kulwa. Wakati ule nilikuandikia kwamba ni homa na kuhara, nikaishia hapo kwa sababu mkono ulikuwa mzito. Homa ilikuwepo kweli, na kuhara kulikuwepo. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anataka kuota meno. Lakini katika miaka hii kumezuka neno huku, sijui kama limefika huko milimani: meno ya plastiki. Mtoto mchanga akihara na kuchemka, watu wanamfungua kinywa, wakiona ufizi umevimba weupe wanasema, "Huyu ana meno ya plastiki, yasipochimbuliwa atakufa." Mimi nilikuwa machimboni siku hiyo. Akaletwa mama mmoja anayesifika kwa kazi hiyo, akauchimba ufizi wa Yona kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mama Kulwa ndiye aliyemshika mtoto kichwa. Baada ya hapo Yona hakunyonya tena. Tulimzika upande wa nyuma, karibu na minyaa.

Tangu hapo, dada, neno plastiki halikutamkwa nyumbani kwetu. Hata beseni letu jekundu la plastiki Mama Kulwa alilifukia kwenye shimo la takataka, akarudi kutumia la bati.

Sasa pacha walipoingia darasa la kwanza, ndipo gari la hospitali lilipofika shuleni. Daktari mwenyewe ni mama wa Kihaya, mfupi, mcheshi, watu wanamwita Dakta Koku. Alikuwa amepewa na wageni waliotembelea hospitali boksi la dawa ya kuziba magego, akaona aanze na watoto wa huku machimboni kwa sababu ndio wenye meno mabovu zaidi. Na ni kweli. Huko mnapanga foleni ya sukari na kugawiwa kwa kikombe, lakini huku dhahabu inaleta kila kitu kwa magendo. Mchimbaji akibahatika, kitu cha kwanza anawamwagia watoto pipi barabarani kama anayelisha kuku. Dawa ya meno dukani hakuna, mswaki wa mti watoto wanautafuna wakikumbushwa tu. Ndiyo maana meno yanaoza mapema.

Kulwa alinieleza walivyofanyiwa, kwa sababu mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda Kahama kutafuta mkanda wa mashine. Unakaa, unafungua kinywa, unasuguliwa gego kwa kiburashi. Unawekewa pamba pande zote ili mate yasifike. Kisha unapakwa maji fulani makali, machungu kama ndimu, unasuuzwa, unapulizwa kwa kimpira mpaka jino linakuwa kavu na jeupe kama chaki. Hapo anachanganya matone mawili, anapaka juu ya gego kwenye vile vifereji ambamo chakula hujificha, mnangoja kidogo inakauka, inakuwa ngumu. Basi. Hakuna sindano, hakuna kuchimba. Kulwa alisema hata kulia alisahau.

Kwa kuwa yeye ni Kulwa, wa kwanza kuzaliwa, alitangulia. Doto akafuata.

Kumbe kuna mama mmoja alikuwa amesimama dirishani, akamuuliza msaidizi wa daktari, "Hicho mnachowapaka ni nini?" Na yule msaidizi, bila ubaya wowote, akamjibu, "Ni plastiki laini, mama. Ikikauka inaziba." Neno lile lilitoka dirishani likaenda kisimani, kutoka kisimani likaenda kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na lilipomfikia Mama Kulwa kwenye karai lake la maandazi lilikuwa tayari limegeuka: "Shuleni wanawawekea watoto meno ya plastiki!"

Aliyaacha maandazi kwenye mafuta yanayochemka. Walioona wanasema alikimbia kitenge kimemvuka bega. Kulwa alikuwa ameshatoka nje anajilamba meno. Doto alikuwa kwenye benchi, pamba mashavuni, jino limeshasuguliwa na kukaushwa, imebaki kupakwa tu.

Dakta Koku akamwambia, "Mama, subiri kidogo tu, tunamaliza sasa hivi."

"Yaya!" akapiga kelele, ndiyo kukataa kwa Kisukuma, unajua mwenyewe akikasirika Kiswahili kinamkimbia. "Yaya! Wangu mmoja yuko chini ya udongo kwa plastiki yenu!"

Akamtoa Doto pamba kwa vidole vyake mwenyewe, akamchukua mgongoni mtoto mkubwa vile, akaondoka. Na dada, nani angemlaumu? Akina mama wengine walipomwona anavyolia, nao waliwatoa watoto wao. Darasa likabaki tupu. Daktari alijaribu kueleza kwamba hiki ni kitu kingine kabisa, tena kinazuia jino lisichimbuliwe, lakini nani asimame kusikiliza? Akafunga boksi lake, gari likaondoka.

Niliporudi kutoka Kahama nilikuta nyumba imenuna. Nilijisemea, mambo ya meno, kitu gani? Watoto wakaendelea kula, kucheza, wakapanda darasa la pili, la tatu. Kitanda kimoja, sahani moja, pipi zile zile wakigawana kwa kuziuma katikati.

Mwaka huu baada ya mavuno Doto alianza kutafunia upande mmoja. Tulipomwangalia tukaona gego la chini, lile la nyuma kabisa, lina tundu jeusi. Hatukushtuka. Tulisema, "Ni la utoto, litang'oka, litaota jingine." Kumbe sivyo, na hili nakuomba ulishike kwa ajili ya Neema: gego linaloota nyuma mtoto anapofika miaka sita hivi, ambalo halikusukuma jino lolote, lile siyo la utoto. Ndilo la ukubwani. Likiondoka halina mdogo wake wa kulirithi.

Maumivu yakaja, yakaondoka, yakarudi na ndugu zao. Jirani mchimbaji alituletea maji ya betri ya gari kwenye chupa, eti tutumbukize tone moja kwenye tundu, jino litakufa. Nilimrudishia chupa yake. Mama mkwe akaleta karafuu, zikasaidia kidogo. Kisha asubuhi moja Doto aliamka shavu limevimba mpaka jicho linafungika, mwili unawaka, na kinywa hakifunguki kuingiza hata kijiko cha uji.

Mama mkwe akasema aitwe mtaalamu. Alikuwa anamaanisha yule yule wa spoku, maana ndiye anayejulikana kwa mambo ya kinywa. Hapo nikamwona mke wangu akisimama mbele ya mama yake mzazi, jambo ambalo sijaliona tangu nimuoe.

"Mayu," akamwambia taratibu, "huyu hachimbuliwi na mtu tena nyumbani kwangu. Tunakwenda Shinyanga."

"Na akifia njiani?"

"Atakuwa amefia njiani kwenda hospitali."

Tukaondoka wote, na Kulwa pia, kwa sababu alishika mkono wa mwenzake akakataa kuuachia. Lori la pamba lilitufikisha Kahama, tukapata basi. Tulipofika Tinde basi likachemka, likasimama. Abiria wakatawanyika kununua viazi vitamu vilivyochemshwa, sisi tukabaki pembeni mwa barabara, Doto amelala mapajani kwa mama yake anatoa udenda wenye harufu mbaya. Mama Kulwa alikuwa anaufuta kwa ncha ya kitenge, halafu akasema bila kuniangalia, "Baba Kulwa, lilikuwa limeshakaushwa." Nikamuuliza nini. "Jino. Alikuwa amemaliza kulikausha. Ilibaki kupaka."

Nikaenda kumsaidia dereva kutia maji kwenye rejeta, kwa kuwa angalau kazi hiyo naijua.

Shinyanga tulipokewa hospitali, na daktari aliyetoka kwenye mlango wa meno alikuwa Dakta Koku mwenyewe. Alimtazama Doto kwanza, akamgusa taya, akasema usaha umeanza kushuka kuelekea shingoni, na kwamba tungechelewa zaidi kidogo ungemziba pumzi. Akampasua upande wa ndani wa shavu usaha utoke, akaandika sindano, tukalazwa. Ndipo alipomgeukia mke wangu, na nikaona kwamba anamkumbuka.

"Wewe ni mama wa Bugarama," akasema.

"Ndiye mimi," Mama Kulwa akajibu. "Mimi ndiye niliyemtoa kwenye benchi."

Nilidhani atafokewa. Kweli nilijiandaa kuingilia. Lakini yule daktari akavuta kigoda akakaa, akamwambia, "Niliuliza baadaye, nikaambiwa habari za mtoto wako mdogo aliyefariki. Mama, sisi tulikuja na kitu kizuri tukakiita kwa jina la kitu kilichoua. Tungeweza kukiita dawa ya kuziba. Tungeweza kuwaita ninyi kwanza, tukaongea, ndipo tukagusa watoto. Hatukufanya hivyo. Tulikuwa na haraka."

Mama Kulwa akauliza, "Boksi bado lipo?"

"Limekwisha. Liliishia shule nyingine, na halijaletwa jingine."

Uvimbe ulipopungua Doto aling'olewa lile gego. Ganzi ilikuwepo, kwa bahati, lakini penye usaha haikushika vizuri, na kilio chake nilikisikia nikiwa nje ukutani. Mama yake alikuwa ndani, alikataa kutoka. Alimshika mtoto kichwa. Unaelewa, dada, alichokuwa anashika pale.

Kwa kuwa Kulwa alikuwepo, daktari akamwomba naye afungue kinywa. Akachungulia kwa kioo chake kidogo muda mrefu. Ile dawa ilikuwa bado ipo juu ya magego yake, nyeupe kidogo, imeshika kama siku ya kwanza, na meno chini yake mazima. Ila kwenye gego moja ilikuwa imebanduka, haijulikani lini, na hapo palikuwa pameanza kutoboka. Akaliziba tundu likiwa bado dogo. Nikamuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake: sasa hii kitu inafaa au haifai, mbona hili limetoboka?

Akacheka. "Inafaa, baba. Lakini si uchawi. Ni kama bati la nyumba: ukilipigilia vizuri linazuia mvua, ila lazima upande kuangalia kama kuna msumari uliolegea. Tena inaziba juu ya gego tu, penye mifereji. Kati ya jino na jino haifiki, hapo ni mswaki na kupunguza pipi. Na ukishachelewa, jino limeoza ndani, dawa hii haina kazi tena, unahitaji matibabu mengine."

Basi nimekupa maneno yake kama yalivyo, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako. Nikiongeza langu, ni hili: watoto wangu wamezaliwa siku moja, wanakula sahani moja, na wote hawapendi mswaki. Mmoja alipakwa, mwingine hakupakwa. Sina haja ya mtu kunisomea kitabu.

Doto amepona. Amerudi shuleni, anaruka kamba, shavu limerudi mahali pake. Lakini ana pengo kule nyuma, na daktari alisema meno ya jirani yatainamia pale kadiri anavyokua. Jioni moja tukiwa tunakula alimuuliza mama yake, bila hasira, kama mtoto anavyouliza kwa nini mwezi umekatika: "Mama, mbona Kulwa alipakwa na mimi sikupakwa?"

Nilitaka kujibu mimi, kumwambia dawa iliisha au gari liliharibika. Mama Kulwa akanizuia kwa mkono. "Wewe nilikuogopea," akamwambia. "Nilidhani nakuokoa." Doto akafikiri kidogo, akasema, "Haya," akachukua tonge jingine la ugali. Mwenye kushindwa kuendelea kula alikuwa mama yake.

Dada, huzuni yangu haina mtu wa kumpelekea mashtaka. Nikimtazama yule msaidizi, alisema kweli. Daktari alikuja kwa wema. Mke wangu alikimbia kwa mapenzi, na hata mama mkwe alikuwa anatafuta uzima wa wajukuu wake. Kila mmoja alikuwa na sababu, na bado mtoto amepoteza jino, na shule nzima ilipoteza bahati ambayo haijarudi. Ningekuwa na mtu wa kugombana naye ningelala vizuri zaidi.

Kwa hiyo mpeleke Neema. Nenda mwenyewe, usimwachie mwalimu. Muulize daktari kila unachotaka kuuliza kabla hajaanza, asione aibu kukujibu nawe usione aibu kuuliza. Muulize pia atarudi lini kuangalia kama dawa imebanduka, na kama yeye harudi, wewe uende wapi. Mswaki usimwachishe. Na kama huko nako wameanza habari za kuchimbua fizi za watoto wachanga, kwa jina la mama yetu, usikubali, na mwambie kila mwenye mtoto asikubali.

Nifikishie salamu zangu. Kwa mama, mwambie nitakuja baada ya mvua kama pampu zitaniruhusu, na aende hospitali na huo mguu. Kwa shemeji, mume wako, na kahawa yake. Kwa baba mdogo, yule mpiga kengele ya kanisa, na kwa shangazi wa kule juu msituni anayeuza tangawizi. Kwa Elisante na Neema. Mama mkwe wangu naye anawasalimu, anasema "mwangaluka" hata kama hamtamjibu kwa Kisukuma.

Mama Kulwa amesomewa barua yote, amekaa hapa pembeni yangu anachambua mchele. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza. Ameweka ungo chini, akasema niandike hivi, nisibadilishe kitu:

"Wifi, siku ya Neema utaogopa. Mtoto atakuangalia, utataka kumnyakua mkimbie. Usiende ukiwa umejiambia hutaogopa. Ogopa, ila ogopa ukiwa umekaa naye."

Mimi mdogo wako akupendaye,

Anania